Jon Postel: Jamaa wa ndevu aliyeshika daftari la intaneti

Kila simu ikiwasha data hutumia namba, yaani anwani ya IP. Namba zikigongana, ujumbe hupotea njia. Kwa miaka mingi, dhamana ya kuzuia hilo ilikuwa mikononi mwa Jon Postel.

Alizaliwa Marekani, Agosti 6, 1943. Alikuwa mwanafunzi wa UCLA, Los Angeles, mtandao wa ARPANET ulipoanza mwaka 1969. Postel, kijana wa ndevu ndefu na makobazi, akajitwika kazi ya kuandika namba ipi imechukuliwa na nani. Orodha hakuificha kabatini. Aliichapisha, kila fundi aione.

Mtandao ulipopanuka, mzigo ukagawanywa. Ulaya ilipata masjala yake mwaka 1992, na watoa huduma wakatakiwa kusajili hadharani anwani walizowapa wateja. Namba ikileta fujo, mhusika ajulikane.

Januari 1998 mambo yakachemka. Postel aliwaomba wasimamizi wa seva kuu 8 kati ya 12 wafuate kompyuta ya ofisini kwake, nao wakakubali. Serikali ya Marekani ikaja juu. Akarudisha kila kitu, akisema ni majaribio tu. Lakini swali likabaki: daftari la dunia limtegemee mtu mmoja?

Oktoba 16, 1998, moyo ulimzidi, akafariki akiwa na miaka 55. Taasisi mpya, ICANN, ilikuwa na wiki chache tu. Mwaka 2005 Afrika nayo ikatambuliwa rasmi kuwa na masjala yake, AFRINIC, yenye makao Mauritius.

Daftari lingali wazi.