Maisha ya Daktari Robert Koch na Swali la Papasi

Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikaa katika nyumba ya udongo huku Kaliua, na katika nyufa za sakafu yake walikaa papasi. Sisi tuliozaliwa humo tuliumwa nao usiku, tukajikuna, na kulipokucha tukaenda kuchunga ng'ombe. Mwaka mmoja alikuja mjomba kutoka mjini, akalala mkekani siku tatu. Baada ya juma moja hivi akashikwa na homa kali. Homa ikamwacha, akafurahi; kisha ikamrudia, ikamwacha, ikamrudia tena. Nilimwuliza babu kwa nini sisi hatukuugua kama mjomba. Akanijibu kwamba papasi wanawajua wenye nyumba.

Jibu lile lilinitosha mpaka nilipokuwa mwalimu wa bayolojia. Ndipo niliposoma kwamba swali langu lilikwisha kuulizwa tangu zamani, katika njia za misafara za nchi yetu hii, na mtu mwenye sifa duniani kote. Napenda leo kuwasimulia habari zake wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843, mjini Clausthal, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi katika migodi. Koch alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao sasa umo katika nchi ya Poland. Hakuwa na maabara ya serikali wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini aliyopewa na mkewe, panya wachache, na saa chache za jioni baada ya kutibu wagonjwa.

Ng'ombe na kondoo wa wilaya ile walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch akachunguza damu yao, akaviotesha vijidudu nje ya mwili wa mnyama, akawatia panya, nao wakafa kwa ugonjwa ule ule. Mwaka 1876 alivichukua vyombo vyake mpaka Breslau, akawaonyesha maprofesa kazi yake kwa vitendo, nao wakakubali. Mwaka 1880 aliitwa Berlin, na tarehe 24 Machi, 1882, alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Baadaye alikwenda Misri na Bara Hindi, akakipata kile cha kipindupindu.

Lakini kumjua adui si sawa na kumshinda. Kwa nini mtu mmoja huugua na mwenzake huokoka? Hapo ndipo elimu ya kinga ya mwili inapoanzia, na shule yake kubwa ya kwanza, pamoja na ile ya Louis Pasteur huko Paris, ilikuwa ya Koch. Vijana walikuja kujifunza kwake. Shibasaburo Kitasato alitoka Japani. Mwaka 1890 yeye na Emil von Behring walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au dondakoo huweza kumkinga mnyama mwingine. Paul Ehrlich naye alifanya kazi katika taasisi ya Koch, akaeleza namna kinga hiyo inavyopimwa. Kitasato aliporudi kwao alianzisha taasisi ya utafiti. Hivyo elimu haikubaki Berlin.

Mwaka huo huo wa 1890 Koch mwenyewe alijikwaa. Alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tuberkulini, lakini akaficha imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Dawa ile ilipata kazi nyingine baadaye: hudungwa kidogo katika ngozi ili kupima kama mwili umekwisha kukutana na kijidudu cha kifua kikuu. Lakini fedheha ilikuwa kubwa. Kama angaliwaonyesha wenzake mapema, kama alivyofanya Breslau, kosa lingaligunduliwa kabla ya wagonjwa kuumia.

Sasa nije kwetu Afrika. Sotoka ilipowaua ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, ilishuka mpaka kusini, na mwishoni mwa 1896 Koch aliitwa Kimberley. Alipata njia ya kuwakinga ng'ombe kwa kuwadunga nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Kisha, mwaka 1897 na 1898, alikuwapo Dar es Salaam. Aliiona huko ndigana kali, lakini akaidhani ni ugonjwa mwingine wa Marekani. Mwaka 1903 alipoitwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alitambua kwamba ulikuwa ugonjwa wa peke yake. Alijaribu kuwakinga ng'ombe kwa damu ya wale waliopona, na njia ile haikufaa.

Alirudi nchini kwetu kabla na baada ya kuingia mwaka 1905, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel. Safari hii alishughulika na homa ya papasi. Alisafiri kutoka Dar es Salaam kuingia bara, akichimba mchanga wa sakafu katika mabanda waliyolala wapagazi. Aliwakuta papasi wengi, na ndani yao vijidudu vya homa ile. Akaona pia jambo lile nililoliona mimi kwa babu: wageni waliugua, wenyeji hawakuugua sana. Akaeleza kwamba wenyeji walikwisha kuugua utotoni, na miili yao ikajifunza. Alikuwa amekwisha kuona jambo kama hilo juu ya malaria huko Guinea Mpya mwaka 1900: watoto walijaa vijidudu damuni, watu wazima karibu hawakuwa navyo. Basi papasi hawamjui mwenye nyumba. Ni mwili wa mwenye nyumba unaovijua vijidudu vya papasi. Lakini tusisahau gharama yake, kwa maana watoto wengine walikufa kabla miili yao haijajifunza.

Kazi yake kubwa ya mwisho katika Afrika ilikuwa juu ya malale, ugonjwa uletwao na ndorobo, ambao sisi watu wa Tabora tunaufahamu. Mwaka 1906 na 1907 alikaa visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, akawatibu wagonjwa zaidi ya elfu moja kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni walipata nafuu. Ugonjwa uliporudi akaongeza kipimo, na wagonjwa wapatao 22 wakapofuka kabisa. Hawakuwa wameelezwa hatari ile wala kuulizwa kama wanakubali. Hata hivyo serikali ya Kijerumani ilifuata shauri lake, ikajenga kambi za malale kando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, na wagonjwa wengi wakatoroka. Nadhani walikuwa na haki ya kuogopa. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei, 1910.

Je, tumhesabu mtu huyu shujaa au mkosaji? Mimi huwaambia wanafunzi wangu wayatazame yote mawili, kisha watazame waliomfuata. Huko Muguga, nchini Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza karibu na mwaka 1960 chanjo iliyosaidia kuimaliza sotoka. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani. Huko huko Muguga ilipatikana njia ya kukinga ndigana kali: ndama hudungwa vijidudu hai vilivyotolewa katika kupe, na papo hapo hudungwa dawa ya kuvipunguza. Hapo ndama huugua kidogo tu, na mwili wake hujifunza. Kati ya mbegu tatu za chanjo hiyo, moja ilitoka Serengeti. Na Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara iliyopita Tabora, watafiti Watanzania wameshiriki kujaribu chanjo za malaria kwa watoto. Safari hii wazazi huelezwa kwanza, na asiyetaka mwanawe aingie hukataa bila kuadhibiwa. Hilo ni badiliko kubwa kuliko hadubini yo yote.

Kwa hiyo, vijana, msidhani elimu ya kinga ni ya watu wa mbali. Mnaochunga ng'ombe siku za likizo, angalieni ndama gani anaokoka na yupi anakufa, mkaandike. Mnaposhindwa katika jaribio la maabara, msifiche daftari. Na mkija kuwa madaktari, kumbukeni wale waliopofuka Ssese. Mwulizeni mgonjwa kwanza.

Babu yangu amekwisha kufariki. Jibu lake halikuwa sahihi, lakini alikuwa ameona sawasawa, na kuona ndiko mwanzo.