Christy Mathewson, mchezaji aliyetunza ahadi kwa mama yake

Christy Mathewson alizaliwa mwaka 1880 huko Factoryville, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mama yake alitamani awe mhubiri. Yeye akawa mchezaji wa besiboli, mchezo ambao mmoja anatupa mpira na mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo. Kazi yake ilikuwa kutupa.

Alipoingia timu ya New York Giants mwaka 1900, alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hatacheza siku ya Mungu. Katika miji kama Chicago watu walijaa uwanjani siku hiyo, lakini yeye hakutupa mpira. Je, alipungukiwa? Katika fainali za 1905 alishinda mechi tatu ndani ya siku sita, wapinzani wasipate hata pointi moja kwake. Kwa jumla alishinda mechi 373.

Lakini uaminifu haukumkinga na mateso. Mwaka 1918 alikuwa kapiteni wa jeshi huko Ufaransa, na katika mazoezi akavuta gazi ya sumu. Baadaye akashikwa na kifua kikuu, akafariki tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na miaka 45. Mwaka 1936 alihesabiwa kati ya watano wa kwanza kuchaguliwa katika Jumba la Heshima la besiboli.

Vijana wetu, tusiwadanganye kwamba anayemheshimu Mungu atashinda kila mechi. Mathewson naye alishindwa mara 188. Ahadi inatunzwa kwa sababu tumeitoa, tushinde au tushindwe.