Rosanjin: Mtoto aliyekataliwa, akawafunza matajiri wa Tokyo kula

Hebu fikiria umealikwa kwenye mkahawa wa Kijapani, ile aina ambayo ukiambiwa bei unauliza mara ya pili. Unaketi. Hakuna cha kuchagua. Kinaletwa kibakuli chenye kitu kidogo kama kidole gumba, halafu supu iliyofunikwa, halafu vipande vichache vya samaki mbichi, halafu cha kuchomwa, halafu cha kutokoswa polepole. Wali unakuja mwishoni kabisa, pamoja na supu ya miso na achari, wakati wewe ulidhani ndio ungeanza nao. Vyombo navyo havifanani. Kimoja ni chekundu kinang'aa, kingine kimepinda utadhani fundi alisinzia kazini. Kisha bili inafika na roho inataka kuhama.

Mlo huo ndio kaiseki. Jina hilo lina historia ndefu, na mzizi wake mmoja ni chakula chepesi ambacho wageni walipewa kabla ya kunywa chai kwenye sherehe za chai. Mpishi hufuata msimu: machipukizi ya mianzi majira ya kuchipua, samaki wa mtoni aitwaye ayu wakati wa joto, uyoga wa matsutake majani yanapopukutika, kaa wakati wa baridi. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini sahani yenyewe inapewa heshima karibu sawa na chakula, inabidi nikukutanishe na jamaa mmoja mgumu sana kupendwa. Anaitwa Kitaoji Rosanjin. Kama wewe ni mtu wa manga na umewahi kupitia Oishinbo, tayari unamjua kwa mlango wa nyuma. Yule baba mkali Kaibara Yuzan, ambaye hakuna mpishi anayeweza kumridhisha, aliundwa kwa mfano wake.

Alizaliwa Machi 1883, Kamigamo, kaskazini mwa jiji la Kyoto, akapewa jina Fusajiro. Babake, wa ukoo uliohudumu katika hekalu la Kamigamo, alikuwa amejiua miezi michache kabla. Mamake hakumlea. Alimtoa, na yule mtoto akaanza kupitishwa mikononi mwa watu, nyumba hii hadi nyingine, kama mzigo usio na anwani. Akiwa na umri wa miaka sita hivi ndipo alipotulia kwa mchongaji wa mihuri na mbao za kuchapishia, bwana aliyeitwa Fukuda. Kutulia ni neno tu. Hapo palikuwa na kazi, na mtoto wa kulelewa anajua kwamba akitaka kubaki ni lazima awe na faida.

Faida yake ikawa jikoni. Alijitolea kupika wali wa nyumba nzima, na akagundua kwamba wali ukitoka vizuri, watu wanamsifu. Mchele ulikuwa wa bei ya chini, kwa hivyo ujuzi ulikuwa katika maji, moto na muda. Mimi naona maisha yake yote yalianzia pale. Wengine huanza kupenda chakula kwa sababu mama alipika vizuri. Huyu alianza kwa sababu chakula kizuri ndicho kilichomfanya asifukuzwe.

Shule aliiacha akiwa na miaka kumi hivi. Akafanya kazi kwenye duka la dawa, akajifunza mwenyewe kuandika hati kwa brashi, akachora na kuchonga mabango ya maduka. Mwaka wa 1904, akiwa kijana wa miaka 21 asiye na mwalimu wala jina, alishinda tuzo ya kwanza ya uandishi wa hati katika maonyesho jijini Tokyo. Ujue katika fani hiyo wakubwa walikuwa wazee wenye ndevu. Baadaye alikwenda Korea kwa miaka kadhaa, akarudi, akaanza kuzunguka miji ya Japani akichonga mihuri na mabango kwa matajiri. Walimlaza, walimlisha, na yeye alikuwa akitazama: hiki kimepikwaje, kimewekwa kwenye bakuli gani, kwa nini kile kingine kimenoga zaidi. Hakuwahi kusomea upishi darasani. Alisomea kwenye meza za watu.

Mwaka wa 1919 alifungua duka la vitu vya kale Tokyo, yeye na rafiki yake Nakamura Takeshiro. Biashara ilikuwa ya bakuli na sahani za zamani za Kichina na Kijapani. Sasa hapo ndipo akafanya jambo ambalo hata leo lingeitwa ujanja wa soko: badala ya kumwonyesha mteja sahani tupu, alipika na kumpakulia ndani yake. Wateja wakasahau sahani wakaulizia chakula. Kufikia 1921 orofa ya juu ya duka ilikuwa klabu ya walaji, ya wanachama.

Septemba 1923 tetemeko kubwa liliipiga Tokyo na moto ukamaliza kilichobaki. Duka likaenda, na vyombo navyo vikaenda.

Wawili hao walirudi mwaka wa 1925 na kitu kikubwa zaidi. Mkahawa wao, Hoshigaoka Saryo, ulikuwa Nagatacho, eneo la wakubwa wa serikali, na haukuchukua muda kabla ya mawaziri, wenye viwanda na wasanii kuutaka uanachama. Rosanjin ndiye aliyetawala jikoni. Ayu walisafirishwa wakiwa hai kwa treni kutoka mito ya upande wa Kyoto hadi Tokyo, maji yakitikiswa njiani ili wasikose hewa. Hebu piga hesabu ya gharama hiyo, kwa samaki anayetosha kiganjani!

Tatizo lilikuwa vyombo. Vya kale vilishateketea au havikutosha idadi ya wageni, na vipya vya madukani alivichukia. Kwake, chakula kwenye sahani mbaya kilikuwa kama bwana harusi aliyevaa ndala. Akaamua atengeneze mwenyewe. Alijenga tanuri la ufinyanzi Kita-Kamakura, akaajiri mafundi, na akiwa na zaidi ya miaka arobaini akaanza kazi ambayo wengi huianza utotoni. Mmoja wa waliofanya kazi kwake, Arakawa Toyozo, ndiye aliyekuja kugundua mwaka wa 1930 mahali ambapo vyombo mashuhuri vya Shino vilichomwa karne nyingi kabla, jambo lililobadilisha historia ya ufinyanzi wa Japani. Rosanjin mwenyewe aliiga mitindo ya kale bila aibu, kisha akaipindua. Chombo chake mara nyingi kinaonekana hakijakamilika mpaka kiwekwe chakula. Alikiacha na nafasi makusudi.

Sasa nikwambie upande wa pili, maana ukisoma sifa tupu utadanganyika. Alikuwa mtu wa kuchosha. Alitukana wapishi, alitukana wasanii wenzake, alitumia pesa za mkahawa kununua vya kale kana kwamba hazina mwenyewe. Mwaka wa 1936 Nakamura, yule yule waliyeanza naye, alichoka na kumfuta kazi kwa barua. Alitupwa nje ya nyumba aliyoijenga kwa ulimi wake. Mkahawa uliendelea bila yeye hadi mabomu ya ndege yalipouchoma mwaka wa 1945. Yeye alibaki Kita-Kamakura na tanuri lake, akifinyanga ili ale.

Nyumbani palikuwa vivyo hivyo. Alioa mara kadhaa na kila ndoa ilivunjika. Hata binti yake, Rosanjin mwenyewe ndiye aliyemkana. Hili ndilo huwa linanisumbua ninapomsoma: mtoto aliyepika wali ili asifukuzwe, alipokua alifukuza karibu kila mtu. Alijua kuweka meza kuliko yeyote, lakini kumweka mtu mezani mwaka hadi mwaka kulimshinda.

Mwaka wa 1954 alisafiri Marekani na Ulaya. Kazi zake zikaonyeshwa kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York, na akakutana na Picasso. Paris alikwenda La Tour d'Argent, mkahawa unaosifika kwa bata. Wenyeji wana mchuzi wao wa bata, fahari ya nyumba. Rosanjin alikataa mchuzi, akatoa mchuzi wa soya na wasabi aliyokuja nayo, akalia hivyo mbele yao. Unaweza kusema ni ushamba, unaweza kusema ni kujiamini. Mimi nasema yote mawili.

Mwaka uliofuata serikali ya Japani ilitaka kumpa hadhi ya hazina hai ya taifa kwa ufinyanzi wake wa mtindo wa Oribe. Alikataa, ingawa hakuwa na pesa za kuchezea. Huyu ni yule kijana wa 1904 aliyetafuta tuzo. Nusu karne baadaye hakutaka mtu yeyote ampime.

Alifariki Desemba 21, 1959, akiwa na miaka 76. Ini lake liliharibiwa na minyoo ya ini, wale ambao mtu huwapata kwa kula viumbe wa maji baridi visivyoiva vizuri. Watu walilaumu konokono wa majini aliopenda kuwala. Ulimi uliomlea ukawa ndio uliomponza.

Leo vyombo vyake vingi viko makumbusho, nyuma ya vioo, vitupu. Lakini si vyote. Nagoya kuna mkahawa wa zamani, Hasshokan, ambao ulikuwa na ukaribu naye na bado una kazi zake nyingi. Huko mgeni anaweza kuletewa samaki wa msimu kwenye sahani aliyoichoma Rosanjin mwenyewe, akala, na sahani ikarudishwa jikoni kuoshwa.