Luigi Broglio: jenerali aliyeifanya pwani ya Malindi kuwa mlango wa nyota

Tarehe 14 Januari 2001, Luigi Broglio alifariki mjini Roma akiwa na miaka 89. Mashariki ya Kongo ni wachache wanaolijua jina lake. Lakini sehemu ya yale yanayojulikana leo juu ya madini yanayozaliwa ndani ya nyota zinazolipuka ilishuka duniani kupitia mahali alipochagua yeye: pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, jirani na mstari wa ikweta kama ilivyo kartie ya Himbi mjini Goma.

Enjenia mwenye nguo za jeshi

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 Mestre, karibu na Venice, Italia. Alisomea uenjenia Roma, kisha akaingia jeshi la anga. Baada ya vita kuu ya pili alifundisha kwenye chuo kikuu cha Roma na kuongoza shule ya uenjenia wa ndege, huku akipanda cheo hadi kuwa jenerali.

Mwaka 1961 aliipelekea serikali ya Italia mpango aliouita San Marco. Mwaka uliofuata, Italia na Marekani zilipatana: Marekani itoe roketi na mafunzo, Italia itengeneze satelite na itafute mahali pa kurushia. Tarehe 15 Desemba 1964 kundi la Broglio lilirusha satelite yake ya kwanza kutoka Virginia, Marekani. Hayo yalikuwa mazoezi tu. Macho yake yalikuwa Afrika.

Kwa nini ikweta

Kwenye ikweta, dunia inazunguka kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki hupewa msukumo huo bure, na hivyo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kuna faida ya pili. Satelite inayozunguka juu ya ikweta haipiti katikati ya eneo lenye mionzi mingi lililo juu ya Atlantiki ya kusini, mionzi inayovuruga vyombo vya kupimia.

Broglio hakujenga uwanja wa kurushia kwenye nchi kavu. Alisimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini, karibu na Ngomeni. Moja lilikuwa jukwaa la zamani la kuchimbia petroli, likapewa jina la Santa Rita na kuwa chumba cha kuongozea. La pili, San Marco, likawa la kurushia. Kati ya 1967 na 1988 satelite 9 zilirushwa kutoka hapo, na zote zilifika angani.

Ya tarehe 12 Desemba 1970 ilikuwa satelite ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, satelite ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilichora ramani ya kwanza ya anga lote kwa miale ya X, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya sayansi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Miale inayotaja jina la madini

Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Novemba 1972 ikafuata SAS-2, iliyotengenezwa kwa ajili ya miale ya gamma. Miale hiyo ni ndugu ya mwanga, lakini ina nguvu nyingi kupita ile inayotumiwa hospitalini kupiga picha za mifupa. Madini yenye mionzi, kama uraniamu ya Shinkolobwe, huambatana nayo. Hata mawe meusi ya Nyiragongo yanayojenga kuta za Himbi yana potasiamu nyingi, na chembe chache za potasiamu hiyo hutoa gamma, kidogo sana, bila kumdhuru mtu. Kila aina hutoa miale ya kiwango chake, kama vile mtu anavyotambulika gizani kwa sauti yake. Basi aliye na chombo kizuri anaweza kujua ni madini gani yako kwenye nyota bila kuyagusa.

Shida ni kwamba hewa ya dunia huzuia gamma inayotoka angani. Lazima chombo kipande juu yake. SAS-2 ilifanya kazi miezi 7 tu, hadi umeme wake ulipoharibika Juni 1973, lakini ilionyesha wazi kwamba ule mkanda mweupe wa nyota, galaksi yetu, unawaka kwa gamma.

Madini yenyewe yalisikika baadaye. Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba satelite nyingine, HEAO-3, ilikuta angani aluminiyumu yenye mionzi. Aina hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka kama 700,000, na galaksi ina mabilioni ya miaka. Kama bado iko, maana yake nyota zinaendelea kuipika hata leo.

Malindi baada ya roketi

Roketi ya mwisho ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Broglio alitaka iliyo kubwa zaidi, lakini mradi huo ulisimamishwa, na majukwaa yakanyamaza. Antena za Malindi hazikunyamaza. Zinapokea data za satelite ya Marekani NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012. Mwaka 2014 wataalamu walitumia data zake kuchora titaniamu yenye mionzi katika mabaki ya nyota ya Cassiopeia A, iliyolipuka miaka zaidi ya 300 iliyopita. Titaniamu hiyo ilikuwa mabonge mabonge, haikutawanyika sawasawa, na hivyo ikajulikana kwamba nyota ile ililipuka kwa kuyumba.

Swali la nani anafaidika lilibaki baada ya Broglio. Wakenya waliuliza kwa miaka mingi pwani yao inapata nini. Mapatano mapya ya mwaka 2016 kati ya Kenya na Italia yanataja mafunzo kwa Wakenya na haki ya kupata data, na mwaka 2017 Kenya iliunda shirika lake la anga. Zaire nayo iliwahi kukodisha ardhi kwa ajili ya roketi: kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha ya kwanza tarehe 17 Mei 1977, kaskazini ya Shaba. Mwaka 1979 Mobutu aliifukuza, na hakuna satelite hata moja iliyotoka huko.

Kituo cha Malindi sasa kinaitwa kwa jina la Broglio. NuSTAR huzunguka karibu na ikweta ikielekea mashariki, kwa hiyo hupita kwanza kwenye anga la Kongo. Kutoka Goma hadi Malindi hutumia dakika 3 hivi tu.