Sara: Miaka ya Kusubiri
Sarai alipotoka Harani pamoja na Abramu alikuwa na umri wa miaka 65, naye alikuwa tasa. Nyumba yao ilikuwa kubwa, waliozaliwa humo na kuzoezwa vita walikuwa 318 (Mwa. 14:14). Baada ya miaka 10 Kanaani, alimpa mumewe Hajiri, mjakazi wake, ili apate mtoto kwake. Lakini amani ikaondoka hemani, Hajiri akateswa, kisha Ishmaeli akazaliwa. Wageni watatu walipofika Mamre, Sara alihimizwa akande unga, akasikia ahadi, akacheka moyoni (Mwa. 18:6–12). Akiwa na miaka 90 akamzaa Isaka. Ahadi ya Mungu haikuhitaji njia ya mkato.

Je, mama anayesubiri mtoto kanisani kwenu mnampunguzia mzigo, au mnamwongezea kwa maswali?