Seremala wa Melini

John Tay alizaliwa mwaka 1832 huko Marekani, na alipokuwa bado kijana alikwenda kufanya kazi baharini. Ufundi wake ulikuwa useremala. Katika siku zile meli zilikuwa za mbao, na chombo chochote kilichokwenda safari ndefu kilihitaji mtu wa kuziba nyufa, kuunga mlingoti uliovunjika na kutengeneza mashua zilizopasuka. Tangu utotoni alikuwa amesoma habari za kisiwa kidogo cha Pitcairn katika bahari ya Pasifiki ya Kusini, na habari zile hazikumtoka moyoni. Baadaye, akiwa mtu mzima anayeishi Oakland, California, aliupokea ujumbe wa malaika watatu akawa mshiriki wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Hakuwa mchungaji wala hakuwahi kusomea uchungaji. Katika kanisa lake alikuwa mshiriki kama washiriki wengine.

Habari za Pitcairn zilijulikana na wengi wakati ule. Mwaka 1789 mabaharia wa merikebu ya Kiingereza iitwayo Bounty walimwasi nahodha wao, wakamtupa baharini ndani ya mashua pamoja na wale waliomwunga mkono. Tisa kati ya waasi, wakiwa na wanawake 12 na wanaume 6 wa visiwa vya Pasifiki, wakajificha Pitcairn mwaka uliofuata na kuiteketeza merikebu ili wasionekane. Kilichofuata hakikuwa amani. Waligombea wanawake na ardhi, wakatengeneza pombe kali, wakauana. Meli ya Marekani ilipokifikia kisiwa kile mwaka 1808, kati ya wanaume wote waliofika pale alikuwa amebaki mmoja tu, John Adams, pamoja na wanawake na watoto wengi. Mkononi mwake palikuwa na Biblia na Kitabu cha Sala vilivyotoka katika Bounty, na kwa vitabu hivyo viwili baharia yule, aliyekuwa na hatia kama wenzake, alikuwa akiwafundisha watoto kusoma na kumcha Mungu. Watu wa Pitcairn wakakua wakijulikana kwa ibada na uadilifu wao.

Mwaka 1876 James White na J. N. Loughborough walifunga kasha la vitabu na vijizuu, wakalipeleka kwa meli iliyokuwa ikienda Pitcairn. Wenyeji walilipokea, wakatazama yaliyoandikwa juu ya Sabato ya siku ya saba, wakatia shaka. Vitabu vikawekwa kando miaka kadhaa. Hata hivyo havikutupwa, na baadaye baadhi yao walivichukua tena na kuvisoma, wakilinganisha kila fungu na Biblia zao. James White alifariki mwaka 1881 bila kujua kasha lake limefanya nini.

Mwaka 1886 Tay alikuwa na umri wa miaka 54, na afya yake haikuwa nzuri. Wengi katika hali yake wangeona kwamba wakati wa safari umekwisha kupita. Yeye alimwachia mkewe Hannah nyumba, akatoka California mwezi wa Julai, akilipia nauli kwa kazi ya mikono yake kama seremala wa meli hata akafika Tahiti. Hakuna kanisa lililompa mshahara. Kutoka Tahiti hadi Pitcairn ni zaidi ya kilomita 2,000, na hakukuwa na meli ya abiria. Ikabidi asubiri. Hatimaye manowari ya Uingereza iitwayo Pelican ilikuwa ikienda kukagua hali ya kisiwa, na nahodha wake akakubali kumchukua. Tarehe 18 Oktoba 1886 walifika mbele ya majabali ya Pitcairn.

Kisiwa hicho hakina bandari. Meli husimama mbali, na wenyeji huja kwa mashua zao wakipita katikati ya mawimbi yanayopiga miamba. Tena mgeni hakuweza kubaki kisiwani kwa kutaka kwake tu; ilibidi wenyeji wakubali. Wakakutana, wakashauriana, wakamruhusu akae mpaka meli nyingine ipite. Manowari ikaondoka. Tay akabaki na mzigo wake mdogo na Biblia.

Alikaa wiki tano. Alifanya jambo ambalo mshiriki yeyote anaweza kulifanya: alikaa na watu majumbani mwao, wakafungua Biblia, akajibu maswali kwa kusoma. Wenyeji walikuwa wamelelewa katika utaratibu wa Kanisa la Uingereza, wakiiheshimu Jumapili kwa uaminifu mkubwa, kwa hiyo swali la Sabato halikuwa dogo kwao. Lakini njia ilikuwa imetayarishwa na lile kasha la miaka kumi iliyopita. Wengine walikuwa wamekwisha kusadiki kabla hawajamwona, wakakosa tu mtu wa kuanza naye. Kabla ya Tay kuondoka, jumuiya nzima ilikuwa ikiitunza Sabato ya siku ya saba.

Ndipo wakaomba wabatizwe.

Tay hakuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji. Watu wale walikuwa tayari, maji yalikuwa yamewazunguka pande zote, na meli nyingine iliyobeba mchungaji ingeweza kuchukua miaka kufika. Ni rahisi kufikiri kwamba mahali pa mbali namna ile angeweza kusamehewa kama angewabatiza. Hakufanya hivyo. Aliheshimu utaratibu wa kanisa, akawaahidi kwamba atarudi na mtu mwenye idhini, akaondoka. Ahadi ile ilikuja kuwa nzito kuliko alivyodhani.

Taarifa yake iliamsha kanisa zima Marekani. Kanisa lilimchagua Mchungaji A. J. Cudney aende Pitcairn kubatiza waumini na kuanzisha kanisa. Mwaka 1888 Tay alitangulia Tahiti ili amngoje huko. Cudney alifika Honolulu, akatafuta meli ya kwenda kusini, akakosa. Ikapatikana merikebu ndogo ya matanga iitwayo Phoebe Chapman, ikatengenezwa, na tarehe 31 Julai ikatweka kutoka Honolulu ikiwa na Cudney na mabaharia wachache. Haikuonekana tena. Haukupatikana hata ubao wake mmoja.

Tay alikaa Tahiti akitazama bahari wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Yeye aliyeijua bahari tangu ujana alielewa mapema kuliko wengine maana ya chombo kinachochelewa namna ile. Mwishoni alirudi California peke yake. Watu wa Pitcairn walikuwa bado wanangoja, na sasa mke wa Cudney alikuwa mjane. Kama kuna wakati ambapo kazi ya visiwa ingeweza kuachwa, ulikuwa huo.

Mwaka 1889 Konferensi Kuu iliamua kwamba merikebu ijengwe, imara na mpya, mali ya kanisa, kwa ajili ya kazi ya visiwa. Nani atalipa? Jibu likawa Shule ya Sabato. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1890 sadaka za Shule za Sabato zilielekezwa kwenye ujenzi wa merikebu hiyo. Sadaka ya Sabato ya Kumi na Tatu, ambayo leo kila darasa linaifahamu, ilikuwa bado haijaanzishwa. Ilikuja mwaka 1912. Mwaka ule wa 1890 watu walikuwa wakijifunza jambo jipya, yaani kwamba bahasha ya darasa dogo katika mji wa bara, mbali na bahari, inaweza kununua tanga. Watoto waliuza bisi na vitafunio, wakahesabu senti zao kwa misumari na mbao. Hawa wengi wao hawakuwahi kuiona bahari. Fedha zilizopatikana kutoka Shule za Sabato zilikuwa takriban dola 12,000.

Merikebu ilijengwa na mjenzi Matthew Turner huko Benicia, California, ikashushwa majini tarehe 28 Julai 1890. Ilikuwa na milingoti miwili na urefu wa futi mia moja hivi. Ikapewa jina Pitcairn. Mwezi wa Septemba ikawekwa wakfu, na tarehe 20 Oktoba ikaondoka San Francisco chini ya Nahodha J. M. Marsh, ikiwachukua Mchungaji E. H. Gates na mkewe, Mchungaji A. J. Read na mkewe, na John Tay. Safari hii Hannah hakuachwa nyumbani.

Tarehe 25 Novemba wakafika. Ilikuwa imepita miaka minne tangu Tay alipoagana na wenyeji, na katika miaka hiyo yote hawakuwa na mchungaji wala mwalimu wa kuwaimarisha, walikuwa na Biblia, lile kasha, na ahadi ya seremala. Waliikuta Sabato ingali inatunzwa. Wachungaji wakabatiza watu 82, kanisa likapangwa, na Shule ya Sabato ikaanzishwa kati ya watu ambao Shule za Sabato za nchi nyingine zilikuwa zimewalipia chombo.

Merikebu iliendelea Tahiti, Visiwa vya Cook, Samoa, Tonga na Fiji, ikiacha vitabu na watu. Mwezi wa Agosti 1891 John na Hannah Tay walishuka Suva, Fiji, ili waanze kazi mahali ambapo hapakuwa na mwamini hata mmoja. Kule Pitcairn wiki tano zilikuwa zimetosha. Fiji, miezi mitano ilipita bila matunda ya namna ile. Alisambaza vitabu na kuwatembelea watu. Kisha akashikwa na mafua makali, na tarehe 8 Januari 1892 akafariki, akiwa na umri wa miaka 59 hivi. Alizikwa huko huko Suva. Hannah alibaki mjane mbali na kwao, kama mke wa Cudney kabla yake.

Nahodha Marsh naye alifariki mwaka uo huo New Zealand. Merikebu haikusimama. Ilifanya safari sita kwa jumla kabla ya kuuzwa mwishoni mwa karne, na Shule za Sabato ziliendelea kuitegemeza. Katika moja ya safari hizo mwalimu kijana, Hattie Andre, aliletwa Pitcairn mwaka 1893, akawafundisha vijana wa kisiwa.

Fiji ilikaa miaka kadhaa bila mmisionari Mwadventista. Mwaka 1896 Mchungaji John Fulton na familia yake walishuka Suva, katika mji ule ambamo seremala alikuwa amezikwa, wakaanza kujifunza Kifiji.