Rudolf Diesel, jamaa aliyeendesha injini kwa mafuta ya njugu

Unapomwambia mhudumu wa kituo cha mafuta akutilie dizeli, unataja jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka wa 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita vya 1870 viliifukuza familia hiyo hadi London, naye akiwa na miaka 12 akatumwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na jamaa zake na kusoma.

Chuoni Munich, Profesa Carl von Linde aliwafundisha kuwa injini ya mvuke hupoteza karibu joto lote la makaa. Wewe ungeandika kwenye noti, usubiri mtihani. Diesel alitaka kuona kama inawezekana kufanya vizuri zaidi.

Umewahi kugusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo? Huwa moto. Wazo lake lilikuwa hilo: bana hewa sana ndani ya silinda hadi ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Kwenye karatasi ni rahisi. Katika jaribio la 1893, kifaa cha kupimia kililipuka, nusura kimuue. Hakuacha. Kufikia 1897 injini yake ilikuwa ikigeuza takriban asilimia 26 ya joto kuwa kazi. Ya mvuke ilikuwa ikihangaika na 10 hivi.

Kisha 1900, kwenye maonyesho ya Paris, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya Diesel kwa mafuta ya njugu. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiwazia makoloni yake ya Afrika, ambako njugu zilikuwa tele. (Faida ingekuwa ya nani, unajua mwenyewe.)

Septemba 29, 1913, Diesel alipanda meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Usiku huo akatoweka, na hadi leo watu wanabishana kama alijirusha kwa sababu ya madeni.

Ule mchezo wa mafuta ya mimea bado upo, hasa kwa wanafunzi wa uhandisi wa kemikali. Mafuta mabichi ni mazito, huziba injini. Kwa hivyo maabarani unachukua yaliyokaangia chipsi, unayachuja, unayapasha hadi nyuzi 60 hivi, unatia methanoli iliyoyeyushwa sodiamu haidroksaidi, unakoroga. Ukiyaacha yatulie, gliserini huzama chini na baiodizeli hubaki juu. Usijaribu jikoni kwenu, methanoli ni sumu na hushika moto haraka. Na ukipata sabuni badala ya baiodizeli, huenda mafuta yako yalikuwa na maji. Anza tena.